Uzito Hauamuliwi na Mlaji Peke Yake

Hotuba kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii na viongozi wa vikundi vya akina mama, Dar es Salaam

Ndugu wahudumu wa afya, viongozi wa vikundi, mama zangu, baba zangu na vijana mliokuja kusikiliza, habari za asubuhi.

Tuanze na sufuria ya jioni. Mama wa makamo ametoka zahanati. Ameambiwa uzito umezidi, apunguze mafuta, sukari na wanga, afanye mazoezi, arudi baada ya miezi mitatu. Ameitikia yote. Anafika nyumbani: mafuta kayanunua mume, dumu la lita tano, maana kununua kwa kupima ni ghali. Anayepika ni binti wa kazi, ambaye tangu aanze kazi anajua kwamba mchuzi usioelea mafuta utamletea maneno. Anayepakua ni mama mkwe, na kwake sahani ndogo ni dharau. Saa mbili usiku jirani analeta pilau ya arobaini, na pilau ya arobaini hairudishwi. Sasa niambieni, kati ya watu hawa wanne, ni nani aliyeambiwa neno lolote kule zahanati?

Hakuna. Ndiyo maana miezi mitatu ikipita mama yule anarudi na uzito uleule, nasi tunaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hafuati ushauri. Hoja yangu leo ni hii: ushauri wa lishe ukimfikia mtu mmoja tu ndani ya nyumba, nyumba inaumeza. Lazima umfikie anayenunua, anayepika, anayepakua na anayekaribisha, na kila mmoja apewe kazi yake ndogo anayoiweza.

Hali ilivyo mnaiona mitaani, lakini takwimu ziwepo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni 1 duniani waliishi na unene uliokithiri, ule ambao siku hizi tunauita kiribatumbo. Kwa wenzetu Kenya, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 33 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Ule wa mwaka 2022, uliohesabu wanawake wa miaka 20 hadi 49, ukakuta asilimia 45. Kwetu, utafiti wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Wakati huohuo, utafiti wetu wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Hizo namba mbili za mwisho ziko mtaa mmoja, na mara nyingi zipo ndani ya nyumba moja. Hapo pana mtego kwetu sisi tunaotoa elimu. Kliniki ya watoto tunamwambia mama aongeze mafuta kijiko kimoja na karanga zilizosagwa kwenye uji wa mtoto wa miezi sita hadi ishirini na tatu. Ushauri huo ni sahihi, tumbo la mtoto ni dogo na chakula chake lazima kiwe kizito kwa nguvu. Lakini usipomtaja mtoto kwa umri wake, nyumba nzima husikia kwamba mafuta na karanga ni lishe bora, na uji wa baba nao unaongezwa. Kila ujumbe wa lishe utaje unamhusu nani. Na ukifika kwenye nyumba yenye mtoto aliyedumaa na bibi mwenye kisukari, toa maelekezo mawili tofauti, wote wakiwa wamekaa hapohapo, ili wasikie kwamba yanatofautiana na kwa nini.

Tuje kwenye vipimo, kwa haraka. Uwiano wa uzito na urefu ni kilo ukigawa kwa urefu wa mita mara urefu wa mita. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni kiribatumbo. Mtu mzima wa mita 1.60 anavuka mstari wa kwanza akifika kilo 64 na wa pili akikaribia kilo 77. Kiuno nacho kipimwe: kwa mwanamke hatari inaanza kupanda kwenye sentimita 80, kwa mwanamume 94. Futi kamba inapita katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa juu wa nyonga, juu ya ngozi au nguo nyepesi, mtu akiwa ametoa pumzi kawaida. Kosa la kila siku ni kupima pale khanga inapofungwa. Khanga hupanda na kushuka, na kipimo kinafuata khanga.

Sasa, je, kweli watu waliotuzunguka wanaathiri uzito wetu? Mwaka 2007 watafiti wa Marekani Nicholas Christakis na James Fowler walichapisha uchambuzi wa watu 12,067 wa mji wa Framingham waliofuatiliwa kwa miaka 32. Rafiki wa mtu akipata kiribatumbo, uwezekano wa mtu huyo kukipata naye ulipanda kwa asilimia 57; ndugu wa tumbo moja asilimia 40; mke au mume asilimia 37. Wapo wanatakwimu walioupinga uchambuzi huo, na hoja yao ina uzito: watu wanaofanana huchaguana, na marafiki wa mtaa mmoja wanakula kwa muuza chipsi yuleyule. Kwa hiyo msiende kuwaambia watu kwamba unene unaambukiza kama mafua. Kwanza si kweli kwa namna hiyo, pili mtawafanya watu wawakimbie wenzao wanene, nao wenzao hao wakose msaada ambao ndiyo dawa yao.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 1999, wa Rena Wing na Robert Jeffery. Walichukua watu 166 wakawafundisha kupunguza uzito kwa miezi minne. Wengine walikuja peke yao, wengine walikuja na wenzao watatu, marafiki au ndugu. Waliokuja peke yao na kupata mafunzo ya kawaida, asilimia 76 walimaliza, na asilimia 24 tu waliulinda uzito walioupunguza hadi mwezi wa kumi. Waliokuja na wenzao na kuongezewa mazoezi ya kusaidiana, asilimia 95 walimaliza na asilimia 66 waliulinda. Ni kweli kwamba mtu mwenye marafiki watatu wa kuja naye huenda tayari ana nafuu kuliko asiye nao. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuiacha, na kuitumia hakugharimu kitu. Mtu akija kwako peke yake, mwambie wiki ijayo aje na watu wawili anaokula nao.

Mwanasosholojia James House mwaka 1981 aliugawa msaada wa watu katika sehemu nne, na mgawo wake unatufaa kazini: msaada wa moyo, msaada wa mikono, msaada wa taarifa, na msaada wa mrejesho, yaani kumwambia mtu amefikia wapi. Kwa uzoefu wa kazi hii, sisi tunajaza taarifa, taarifa, taarifa. Mikono hatutoi. Mama anayejua fika kwamba atembee dakika 150 kwa wiki hahitaji kuambiwa tena. Anahitaji mtu wa kukaa na mtoto nusu saa, na wenzake wawili wa kutembea nao alfajiri, maana njia ya peke yake ina mbwa na vibaka. Mkiwa watatu mnatoka saa kumi na mbili kasoro, mnatembea kwa mwendo ambao mnaweza kuongea lakini hamwezi kuimba, dakika 30, siku tano. Dera halizuii kitu. Kandambili zinazuia, zinaleta malengelenge siku ya pili na zoezi linaishia hapo. Viatu vyovyote vilivyofunga kisigino vinatosha.

Kuna na msaada unaobomoa, tena mara nyingi unatoka kwa wanaotupenda. "Kula bwana, siku moja haiui." "Umekonda, unaumwa?" Hili la pili msilipuuze. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi, hadi dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, kukonda ndiyo dalili ambayo mtaa mzima uliijua. Watu walizika ndugu zao wakiwa wamebaki mifupa. Basi mtu akipunguza kilo nne leo, shangazi anashtuka kwa dhati, na mume anaulizwa kazini kama mke wake anaumwa. Wapo wanaorudisha uzito kwa makusudi ili maneno yaishe.

Mtu aandaliwe kwa hilo kabla halijamkuta. Mwambie tangu siku ya kwanza kwamba wataongea, kisha mpange jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, fupi, alitamke kwa sauti mbele yako: "Siumwi shangazi, nalinda magoti na presha, daktari anajua." Kumtaja daktari kunafunga mjadala bila ugomvi. Mume naye aandaliwe jibu lake. Mwenye VVU anayetumia dawa ana haki ya mpango huohuo, kwa ridhaa ya kliniki yake. Wengi wao siku hizi tatizo lao ni uzito kupanda.

Niende sasa jikoni, na hapa nitakaa.

Nyumba ya watu wazima watano ikimaliza lita moja ya mafuta kwa siku nne, kila mtu amekula mililita 50 kwa siku. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina gramu kama 920, na kila gramu ina kilokalori 9. Hivyo kila mtu amepata zaidi ya kilokalori 400 kwenye mafuta peke yake, hajagusa ugali. Lita hiyohiyo ikienda siku nane, kila mtu anapata mililita 25 na kilokalori kama 207. Nusu nzima imeondoka, wala hakuna aliyelala njaa.

Tunafanyaje? Msiseme "punguzeni mafuta". Neno hilo halina kipimo, na kila mpishi anaamini tayari anaweka kidogo. Chukueni chupa safi ya lita moja, ioshwe na ikauke kabisa, maana maji yakibaki mafuta yatarukaruka kwenye kikaango. Ijazwe mafuta, ibandikwe karatasi yenye tarehe ya leo. Dumu kubwa lifungwe liwekwe chumbani. Jikoni inabaki chupa tu. Wiki ya kwanza msibadilishe chochote, andikeni tu chupa imeisha siku ya ngapi. Wiki ya pili lengo liwe siku sita kwa chupa. Ikishazoeleka, baada ya wiki tatu au nne, lengo liwe siku nane. Nyumba ikiruka kutoka siku nne hadi nane kwa mara moja, chakula kinabadilika ladha ghafla, watoto wanalalamika, baba anakula njiani, na kufikia Ijumaa dumu limerudi jikoni.

Kijiko kikubwa cha kipimo ni mililita 15, lakini vijiko vya nyumbani vinatofautiana sana. Nunueni bomba la mililita 10 duka la dawa, bila sindano, mjaze kijiko chenu maji kwa bomba hilo mjue kinabeba ngapi. Mara moja tu inatosha.

Yanayokwama ni haya. Kwanza, moto. Mpishi aliyezoea mafuta mengi anatumia mkaa mwingi, na kitunguu chenye vijiko viwili vya mafuta kwenye moto huo kinaungua dakika ya pili. Anahitimisha kwamba mafuta kidogo hayapiki. Mwonyesheni: moto upunguzwe, kitunguu kiingie, chumvi kidogo ili kitoe maji, sufuria ifunikwe, na kikianza kushika aongeze maji vijiko viwili vitatu, siyo mafuta. Nyanya ikifuata, mchuzi unakaa sawa. Pili, ladha. Mafuta yakipungua, mkono unakwenda kwenye chumvi na vile vidonge vya mchuzi, ambavyo navyo ni chumvi. Kiwango cha mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, cha vyote pamoja. Jazeni pengo kwa kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, hoho, giligilani, bizari. Tatu, mafuta yanayoingia nyumbani bila kupita kwenye chupa: samaki wa kukaanga wa kununua, sambusa, chipsi, vitumbua. Chupa itasema mmefaulu huku kiuno kikikataa. Basi hivyo navyo viandikwe kwenye karatasi ileile.

Na huyo binti anayepika asisahauliwe. Yeye ndiye fundi wa zoezi hili. Mhudumu akifika amsalimie kwa jina, amwelekeze yeye moja kwa moja, amsifu chupa ikifika siku sita, na mwenye nyumba aahidi mbele yake kwamba mchuzi usipoelea mafuta hatagombezwa. Bila ahadi hiyo hatathubutu.

Baba mwenye kununua mwambieni kwa hesabu anayoijali. Siku nne kwa lita ni lita saba na nusu kwa mwezi. Siku nane ni lita tatu na robo tatu. Zidisheni kwa bei ya dukani kwenu mumwachie karatasi.

Sukari inahesabiwa vilevile. Kilo moja kwa wiki kwa watu watano ni gramu karibu 29 kwa kila mtu kwa siku, kabla ya soda. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula, na linashauri ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa. Chupa moja ya soda ya mililita 350 peke yake ina zaidi ya gramu 35. Kilo iende wiki mbili, basi.

Kuhusu ugali na wali: ile picha ya sahani, nusu mboga, robo wanga, robo kitoweo, ni nzuri kwa anayekula kwenye sahani yake. Kwa nyumba inayokula kwenye sinia moja haisaidii, hakuna anayejua robo yake iko wapi. Hapo tupime unga kabla ya kusonga. Gramu 100 za unga mkavu zina kilokalori kama 360. Watu watano wakisonga kilo moja usiku, kila mmoja ana kilokalori kama 720 za ugali. Ipungue iwe robo tatu ya kilo, na mchicha, matembele au kisamvu viongezwe hadi sufuria ya mboga ishinde ya ugali kwa ukubwa. Mboga itangulie sinia, ugali ufuate. Dona ni bora kuliko sembe kwa nyuzinyuzi zake, lakini kwa nguvu vinakaribiana, kwa hiyo dona si ruhusa ya kuongeza tonge. Tena dona huchacha mapema kwa mafuta ya kiini; sageni ya wiki mbili tu, kutoka mahindi makavu yasiyo na ukungu, kwa sababu ya sumukuvu.

Sasa mazungumzo yenyewe. Msikilize namna mhudumu anavyoweza kuongea na bibi wa miaka sitini kibarazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Ahsante. Mama, unaniruhusu leo tuongee kidogo juu ya uzito na presha, au tuache siku nyingine?"

"Tuongee tu, si ndiyo kazi yenu."

"Kitu gani kinakusumbua zaidi wewe mwenyewe?"

"Magoti. Nikienda kwa mwanangu ghorofani, ngazi zinanitoa machozi."

"Pole sana mama. Basi tuanzie kwenye magoti. Chai kwa siku unakunywa vikombe vingapi?"

"Vitatu. Asubuhi, saa kumi, na usiku nikishakula."

"Sukari je?"

"Vijiko vitatu. Cha usiku viwili."

"Katika hivyo, kipi unaona unaweza kukiacha bila tabu?"

"Cha usiku. Hicho ni mazoea tu."

"Anayekutengenezea nani?"

"Mjukuu wangu huyo hapo."

"Mama, nisaidie nijue kama nimeeleza vizuri. Leo usiku utamwambiaje?"

"Nitamwambia, mjukuu wangu, chai ya usiku niwekee tangawizi, sukari usiweke."

Tazameni yasiyosemwa. Hakuna aliyetamka "mnene". Hakuna aliyetajiwa kifo. Ruhusa iliombwa, na sababu ikatoka kwake mwenyewe. Jambo lilikuwa moja, lina saa na lina mtu wa kulitekeleza. Mwisho mhudumu hakuuliza "umeelewa?", kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo kwa heshima. Alimwomba arudie kwa maneno yake, tena akibeba lawama mwenyewe: kama nimeeleza vizuri. Mjukuu amesikia. Vijiko viwili vya kujaza ni gramu zaidi ya nane kwa siku, na wiki mbili baadaye mama huyo atakuwa tayari kuzungumza kikombe cha saa kumi.

Kumwaibisha mtu hakumpunguzi uzito. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba anayedharauliwa kwa unene hula zaidi, huacha mazoezi ya hadharani na hukwepa kliniki. Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu dharau hiyo inatoka pia kwetu watoa huduma, pale mizani inaposomwa kwa sauti mbele ya foleni.

Kwenye makundi ya WhatsApp, tumeni sauti isiyozidi dakika moja, jambo moja, kwa mboga za msimu na bei ya soko la hapo. Bango lenye tufaha na brokoli linamwambia mama wa Mbagala kwamba lishe ni ya matajiri, wakati dagaa, maharage, kunde na papai viko mlangoni kwake. Uvumi ukiingia, kwa mfano majani ya chai ya kukata tumbo, msianze kwa kuurudia. Anzeni na ukweli: mafuta ya mwili hayatoki kwa kuharisha. Kisha semeni chai hiyo inafanya nini: nyingi zina senna, dawa ya kuharisha, inatoa maji na chumvi za mwili, mzani unashuka siku mbili halafu unarudi. Vidonge vya kupunguza uzito visivyosajiliwa ni hatari zaidi. Mara nyingi wakaguzi wa nchi mbalimbali wamekuta ndani yake sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara ya moyo na kiharusi.

Niwageukie viongozi wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, na vikundi vya kufa na kuzikana. Ninyi tayari mna kile ambacho miradi inatafuta kwa gharama: siku maalumu, daftari, mahudhurio na kuaminiana. Ndani ya kikundi kikubwa undeni kikundi cha watu 8 hadi 12 wanaotaka wenyewe. Chakula cha mkutano kibadilike kwanza. Kikundi kinachozungumza kisukari huku kikigawa soda na maandazi kimeshajijibu. Wekeni maji, chai isiyo na sukari na sukari pembeni, ndizi, karanga kiganja kimoja, mihogo ya kuchemsha.

Mzani uwekwe kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, kamwe si juu ya zulia au mkeka. Kila mwezi uhakikini: mtu apande, asome, kisha apande amebeba katoni ya maji yenye chupa 12 za lita moja na nusu. Maji hayo ni kilo 18, plastiki zikiongeza kidogo. Tofauti ikitoka 16 au 21, mzani ubadilishwe betri au utupwe. Kupima kufanyike chumba cha pembeni, mtu mmoja mmoja, viatu nje, saa ileile. Namba iandikwe kwenye kadi ya mwenyewe. Kikundi kisome tu jumla: wiki hii wote pamoja tumepungua kilo ngapi.

Faini iwe ya kutokuja, isiwe ya kilo. Mkitoza kilo, atakayeongezeka hatakuja, na huyo ndiye mliyemuundia kikundi. Mashindano ya nani kapungua zaidi nayo yaacheni. Watu wanashinda njaa na kiu siku mbili kabla ya mzani, na mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide anaweza kushukiwa na sukari akaanguka. Wenye dawa hizo, wajawazito na wanaonyonyesha wapate kwanza maelekezo ya kituo cha afya. Watoto wasiwekwe kwenye lengo la kupungua. Na yeyote anayekonda bila kukusudia aende apimwe kifua kikuu, sukari na VVU mara moja, hata kama kikundi kinampigia makofi.

Lengo la miezi sita liwe asilimia 5 ya uzito wa kuanzia. Mwenye kilo 80 ni kilo 4. Kwa kiasi hicho presha na sukari huanza kuitikia. Ule mradi mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliotoa matokeo mwaka 2002 kwa watu 3,234, uliweka lengo la asilimia 7 na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, na ukapunguza kisukari kipya kwa asilimia 58. Msikose kuona siri yake: mtu alikutana na mwelekezi wake kwa masomo 16 katika wiki 24 za mwanzo, kisha akaendelea kufuatwa. Dakika tano za zahanati kila miezi mitatu haziwezi kuleta hilo. Kikundi cha kila wiki kinaweza.

Baada ya mwezi wa sita mzani utasimama, na hapo vikundi vingi vinavunjika kwa kudhani vimeshindwa. Waelezeni mapema. Mwili uliopungua unatumia nguvu kidogo kuliko mwanzo, na homoni za njaa hubaki juu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na Priya Sumithran na wenzake huko Australia ulizikuta bado juu mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa saba lengo linabadilika liwe kutorudi. Kutaneni angalau kila wiki mbili. Anayeongezeka kilo mbili juu ya namba yake ya mwezi wa sita atembelewe nyumbani wiki hiyohiyo na wenzake wawili, wakae naye jikoni, waikague chupa ya mafuta na karatasi yake, wahesabu ugali na sukari ya nyumba, waulize kama kuna msiba, mgeni au dawa mpya iliyobadilisha mambo, na kabla hawajaondoka wapange naye siku ya kutembea wote.